Namna ya Kuimba Alto Bila Kuhamia Soprano Ubeti wa Pili

Mwalimu wa kwaya akishakusikiliza ukipanda do, re, mi, akakunja uso kidogo ulipofika la ya juu, kisha akakunyooshea kidole upande ule walikokaa kina dada na kina mama wenye madaftari yaliyochakaa, basi hukumu imepita. Wewe ni alto, sauti ya pili. Wengi huipokea hukumu hii kwa unyonge. Wanajua kwamba soprano ndio wenye wimbo, tenori ndio wenye mbwembwe, na besi ndio wanaotikisa mabenchi. Alto hupewa noti tatu na kuombwa azitunze.

Ondoa unyonge huo kabla hujafungua mdomo. Alto ni cheo, tena cheo chenye jina la heshima lililotumika kwa zaidi ya miaka mia tano, na mwimbaji anayelijua jina lake havutwi na soprano kirahisi. Kwa hiyo somo la kwanza la mwongozo huu halihitaji kinanda wala maji ya uvuguvugu. Linahitaji ujue unaitwa nani.

Alto ni neno la Kiitaliano lililotoka katika Kilatini, altus, na maana yake ni "juu". Mtani wako wa benchi la soprano akilisikia hilo atacheka: aliye chini yangu anaitwaje "wa juu"? Mwache acheke, kisha mjibu polepole, kwa kuwa jibu linaanzia miaka mia nane nyuma.

Linaanzia Paris, karibu na mwaka 1200, kanisa la Notre-Dame likiwa bado linajengwa. Watunzi wa pale, Léonin na baada yake Pérotin, walichukua nyimbo za kale za ibada, zile zilizoimbwa kwa sauti moja, wakazinyoosha. Silabi moja ilishikiliwa kwa muda mrefu mno huku sauti nyingine, moja au mbili au hata tatu, zikicheza juu yake. Yule aliyeshikilia wimbo aliitwa tenor, kutokana na kitenzi cha Kilatini tenere, yaani kushika. Hakuna aliyempima koo. Jina lilitokana na kazi aliyopewa: shika hapa, wenzako wakitembea.

Karne ya 14 tenori alipata jirani. Katika misa ya sauti nne ya Guillaume de Machaut, kanoni wa kanisa kuu la Reims, yumo contratenor, sauti iliyowekwa kukabiliana na tenori. Kimo chao kilikuwa kilekile, na walikuwa wakipishana, mara huyu juu, mara yule. Mara nyingi mtunzi alimwandika contratenor mwishoni kabisa, baada ya wengine kupata njia zao, ikambidi arukeruke kutafuta mahali pa kukanyaga. Katika nyimbo za Guillaume Dufay, aliyefariki mwaka 1474, utamkuta mwishoni mwa mstari akiruka oktava nzima kwenda juu kwa pigo moja ili wenzake watue salama. Alto yeyote ambaye amewahi kuona noti yake ikiruka ghafla bila sababu anayoielewa, na akajiuliza mtunzi alikuwa na ugomvi gani naye, sasa amjue babu yake.

Katikati ya karne ya 15 ndipo jina letu linazaliwa. Watunzi walikuwa wamezoea kuandika sauti nne, na contratenor mmoja akagawanywa kuwa wawili. Aliyepelekwa juu ya tenori akaitwa contratenor altus, contratenor wa juu. Aliyepelekwa chini ya tenori akaitwa contratenor bassus, contratenor wa chini. Majina marefu hayadumu midomoni mwa watu wenye kazi. Yakakatwa, wakabaki altus na bassus, alto na besi. Kwa maneno mengine, alto na besi ni ndugu wa tumbo moja, na siku besi akikucheka mazoezini una haki ya kumkumbusha ukoo. Sauti iliyokuwa juu ya wote iliitwa superius, na Waitaliano, kwa neno lao sopra, juu ya, wakatupatia soprano.

Jibu la mtani wako basi ni hili: alto yuko juu ya tenori. Hakuwahi kuahidi kuwa juu ya mtu mwingine. Ukitaka ushahidi usio wa kanisani, nenda kwenye bendi ya dansi. Mbelgiji Adolphe Sax alipopata hataza ya saksofoni mjini Paris mwaka 1846, familia ya ala hiyo ilipangwa kwa majina yaleyale, na ndiyo maana saksofoni ya alto ni ndogo kuliko ya tenori na sauti yake iko juu zaidi. Hakuna mpiga saksofoni anayeona ajabu kwamba alto ni ya juu. Ajabu iko kwetu sisi wa kwaya, tuliozoea kupima kila kitu kwa soprano.

Somo la pili: alto haina jinsia. Ukimwona kijana wa kiume anaelekea benchi lenu na daftari lake, sogeeni apate nafasi, maana anarudi nyumbani. Kwa karne nyingi wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya za makanisa ya Ulaya, kwa kushikilia maneno ya Paulo katika Wakorintho wa Kwanza 14:34. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana ambao sauti zao hazijavunjika, na wanaume wazima waliotumia ile sauti nyembamba ambayo kingo tu za nyuzi za koo hutetemeka. Ufaransa ilikuwa na jina lake kwa mwanaume wa alto, haute-contre, na Uingereza yake, countertenor. Ukiyatazama vizuri majina hayo yote mawili utamwona contratenor wa zamani amesimama ndani yake.

Italia ilifanya jambo baya zaidi. Kuanzia karne ya 16 wavulana wenye sauti nzuri walihasiwa kabla ya kubalehe ili koo lisikue, na walijaza kwaya na majukwaa ya opera kwa zaidi ya miaka mia mbili. Sauti ya mmoja wa mwisho, Alessandro Moreschi wa kwaya ya Sistina, ilirekodiwa Roma mwaka 1902 na 1904. Inasikika hadi leo, na ni vigumu kuisikiliza ukiwa unajua gharama yake. Watoto walikatwa ili wanawake wasisimame mahali ambapo wangeweza kusimama bila kumdhuru mtu. Hata mwaka 1903, Papa Pius wa Kumi alipoandika maelekezo yake kuhusu muziki wa kanisa, alielekeza kwamba zikihitajika sauti za soprano na alto, zichukuliwe na wavulana. Mama wa alto anayeingia kanisani Jumapili na sare yake ya kitenge anakaa kwenye kiti ambacho bibi yake wa ubatizo, miaka mia na kidogo iliyopita, alikuwa amenyimwa kwa maandishi. Kikalie kwa raha.

Nje ya ibada mambo yalifunguka mapema kidogo. Tarehe 13 Aprili 1742 kazi ya Handel, Messiah, iliimbwa mara ya kwanza mjini Dublin, na miongoni mwa waimbaji pekee alikuwamo Susannah Cibber, mwigizaji wa jukwaani, aliyeimba sehemu za alto zenye majonzi. Tangu hapo alto ya kike haikurudi nyuma. Ile ya kiume ilififia majukwaani, hadi Mwingereza Alfred Deller alipoirudisha katika karne ya 20.

Sasa tuingie kwenye tatizo lililokuleta hapa, yaani kuhama. Unaanza ubeti wa kwanza vizuri, umeshika noti zako. Kiitikio kinapita. Ubeti wa pili, mstari wa pili, unashtuka unaimba wimbo wenyewe, pamoja na soprano, tena kwa furaha, na jirani yako naye yumo, na mwalimu amesimamisha kinanda na kuwatazama. Hii ina chanzo chake katika historia, na anayepaswa kutajwa ni Lucas Osiander.

Mwaka 1524, Johann Walter alipotoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi kwa ajili ya Waluteri wa kwanza, wimbo wenyewe kwa kawaida ulikuwa kwa tenori, kama desturi ilivyokuwa. Tenori ndiye aliyeshika. Alto alikuwa juu ya wimbo, akiupamba, na hakuna pambo linalovutwa na kitu kilicho chini yake kwa urahisi. Mwaka 1586 Osiander, Mjerumani wa Württemberg, akachapisha zaburi na nyimbo hamsini akiwa ameupandisha wimbo hadi sauti ya juu kabisa, ili usharika wote uusikie na uimbe nao. Nia ilikuwa njema na matokeo yalikuwa makubwa: nyimbo karibu zote tunazoimba makanisani leo zimejengwa hivyo. Lakini kwa alto, siku hiyo jirani wa juu alihamia na redio. Tangu hapo alto anaimba kitu kingine huku wimbo anaoujua tangu utotoni ukipigwa sentimita kadhaa juu ya sikio lake.

Dawa ya kwanza ni kiti. Usikae mpakani na soprano kama wewe ni mgeni. Mpakani wakae wale wazoefu ambao hata radi haiwahamishi. Wewe kaa katikati ya alto, au upande wa tenori, ambaye ndiye jamaa yako wa zamani.

Dawa ya pili ni kujifunza sauti yako kama wimbo kamili. Watu wengi hujifunza alto kama maelekezo ya kushuka kutoka soprano: soprano akienda mi, mimi do, akienda fa, mimi re. Huo ni upambe, na utakuponza kwenye kituo. Chukua mwisho wa kawaida kabisa wa wimbo wa kanisa, soprano akishuka mi, re, do. Anayemfuata soprano ngazi mbili chini atashuka do, ti, la, na pale kwenye la wimbo wote utaonekana umefiwa. Alto iliyoandikwa vizuri huenda do, ti, kisha inarudi do. Ile ti ndiyo inayomwambia kila mtu kanisani kwamba tunafika nyumbani. Iimbe kwa uhakika, iko juu kidogo kuliko unavyofikiri, ikigusa mlango wa do. Katika nyimbo nyingi noti hiyo ni ya alto peke yake. Ukinyamaza, hakuna mwingine wa kuisema.

Na zile so, so, so, so zinazochosha? Zipende. Wenzako wanapanda na kushuka, wewe umebaki mahali pamoja, na maana ya so yako inabadilika kila wanapohama. Utayasikia mabadiliko hayo ukisikiliza wengine kwa makini kuliko unavyojisikiliza wewe mwenyewe. Johann Sebastian Bach, aliyeweza kupiga ala kadhaa, alipenda kupiga viola walipokaa kupiga muziki pamoja. Mwanawe Carl Philipp Emanuel ndiye aliyeliandika hilo baada ya kifo cha baba yake. Viola ni alto ya ala za nyuzi, na Wafaransa wanaiita hivyohivyo, alto. Mtu aliyeelewa upatanifu wa sauti kuliko wote wa zama zake alichagua kukaa katikati, mahali ambapo juu na chini vyote vinasikika.

Dawa ya tatu ni solfa, na hapa tunadaiwa shukrani na watu ambao hawatajwi. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, alibuni njia ya kuandika noti kwa herufi ili watoto waimbe bila kusoma mistari mitano. Mchungaji John Curwen akaiboresha kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakaibeba. Kwa sababu yake mwanakijiji asiye na kinanda aliweza kubeba sehemu yake ya alto mfukoni, kwenye karatasi, d na r na m zikitenganishwa na nukta pacha. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga kwa solfa mwaka 1897 wimbo ambao baadaye ulipewa maneno ya Kiswahili na kuwa wimbo wa taifa la Tanzania. Fanya nao zoezi: safari ijayo bendera ikipandishwa, tafuta sauti ya pili na uishike kuanzia mwanzo hadi mwisho huku umati mzima ukiimba ya kwanza. Ukifika mwisho bila kuhama, umehitimu.

Kuhusu kimo cha sauti, maneno ni machache. Vitabu vya kwaya humwandikia alto takriban kuanzia G iliyo chini ya C ya kati ya kinanda hadi D ya oktava ya juu, yaani mitetemo 196 hadi 587 kwa sekunde. Soprano anafika A yenye mitetemo 880. Lakini eneo kubwa la katikati wanagawana, na alto wengi wanaweza kugusa noti ya juu kwa sekunde mbili. Kinachomtofautisha alto ni mahali ambapo sauti yake inakaa bila jasho, ikawa nene na yenye joto, kwa wimbo mzima, na kwa wimbo unaofuata.

Jambo moja nisilisahau, kwa sababu nasikia watu wakitumia neno hili ovyo. Wanamsikiliza mama mwenye sauti nzito na kusema, huyo ni alto. Hapana. Alto ni nafasi katika sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pasipo mpango huo hakuna alto. Katika taarabu kiitikio huimbwa pamoja kwa sauti moja, na mwimbaji hufuatana na udi, ganuni na fidla zikiupamba wimbo uleule. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwaka 2013, alikuwa na sauti nzito iliyokwaruza kama msasa, na kumwita alto ni kumvisha sare ya kwaya ambayo hakuwahi kuihitaji. Kwa upande mwingine, Wagogo wa Dodoma wana utamaduni wao wenyewe wa kuimba sauti kadhaa kwa pamoja, na ndani yake wamo watu wanaofanya kazi ya alto bila Kilatini chochote.

Atakuja pia mtu wa kukuambia kwamba alto haimbi peke yake. Msimulie kuhusu Marian Anderson, Mmarekani Mweusi wa Philadelphia, ambaye sauti yake ilikuwa kontralto, lile jina kamili la contratenor altus lililofupishwa na Waitaliano. Mwaka 1939 chama cha Daughters of the American Revolution kilimnyima ukumbi wake mjini Washington kwa sababu ya rangi yake. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akajiuzulu uanachama. Tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, Anderson akasimama kwenye ngazi za Lincoln Memorial, akaimba mbele ya watu wapatao 75,000, na redio ikaibeba sauti hiyo nchi nzima. Mwaka 1955 akawa Mweusi wa kwanza kuimba sehemu ya peke yake katika jukwaa la Metropolitan Opera mjini New York, katika opera ya Verdi, akiwa Ulrica, mpiga ramli, sehemu iliyoandikwa kwa kontralto.

Neno la mwisho ni kwa watunzi na walimu wetu. Mtunzi, ukimaliza kuandika soprano na besi, usimfanye alto kuwa kijazio. Iimbe sehemu yake peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama wewe mwenyewe imekuchosha, irudie. Mpe angalau ubeti mmoja ambao wimbo uko kwake. Nawe mwalimu, acha kumpeleka alto kila aliyeshindwa la ya juu. Pima waimbaji wako kuanzia chini kwenda juu, mmoja mmoja, usikilize wapi sauti inatulia, na mwaka ujao uwapime tena. Alto wengi wa kwaya zetu sasa hivi wamekaa kwenye benchi la soprano, wanapiga kelele.